Jinsi ya kuandika wasifu wa mwanajeshi wa anga wa vikosi maalumu aliyeuawa kazini

Makala nyingi za Kiswahili kuhusu makomando wa Marekani waliouawa vitani huanza na mlio wa risasi na kuishia kwenye jeneza lililofunikwa bendera. Maisha ya miaka 30 na ushei hupewa sentensi mbili, saa chache za mapigano hupewa kurasa tatu, na hata hizo saa chache mara nyingi zimenakiliwa kutoka video ambayo nayo ilinakili kwingine. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya kazi hiyo sawasawa: mwandishi wa habari, mwanafunzi wa historia, mhariri wa Wikipedia ya Kiswahili, au ndugu wa marehemu aliyeko Mombasa au Mwanza anayetaka kujua jamaa yake alifanya nini hasa huko jeshini.

Mfano wetu mkuu ni John Allan Chapman wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyeuawa juu ya mlima Takur Ghar nchini Afghanistan mwaka 2002. Habari zake ziko wazi kwa umma, serikali yenyewe ilibadilisha simulizi yake rasmi baada ya miaka 16, na ndani yake mna karibu kila mtego wa kazi hii.

Tarehe kwanza, maneno baadaye

Fungua jedwali lenye safu tano: tarehe, tukio, cheo wakati huo, kikosi na kambi, chanzo. Usiandike aya hata moja ya makala kabla jedwali halijafika mistari 15 hivi. Kwa Chapman, mifupa ya jedwali ni hii:

- Julai 14, 1965: azaliwa Springfield, Massachusetts.
- 1983: amaliza sekondari Windsor Locks, Connecticut, mji alikokulia.
- Septemba 27, 1985: ajiunga na Jeshi la Anga, kazi ya kwanza ni mifumo ya habari, yaani kompyuta na mawasiliano.
- 1989: abadili fani na kuingia mafunzo ya mwongozaji wa ndege vitani.
- Machi 4, 2002: auawa Takur Ghar akiwa na cheo cha Technical Sergeant.
- Januari 2003: atunukiwa nishani ya Air Force Cross.
- Agosti 22, 2018: Rais wa Marekani amkabidhi mjane wake, Valerie Nessel, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, Medal of Honor, katika ikulu ya White House.

Tazama mstari wa tatu na wa nne. Miaka minne ya mwanzo ya utumishi wake aliitumia kwenye mitambo ya mawasiliano, wala hakuwa komando. Waandishi wengi huiruka, na kwa kuiruka hupoteza jambo kubwa kuliko yote kuhusu mtu huyu: aliacha kazi salama ya ofisini kwa hiari yake akaomba ile ngumu. Jedwali likionyesha pengo la miaka mitatu au minne lisilo na maelezo, hapo ndipo pa kuchimba.

Jedwali pia hukamata makosa ya wakati. Kamandi ya Operesheni Maalumu ya Jeshi la Anga, AFSOC, iliundwa Mei 22, 1990 na makao yake ni Hurlburt Field, Florida. Ukisoma kwamba mtu "alijiunga AFSOC mwaka 1988", aliyeandika hakuangalia. Kambi ya Pope huko North Carolina, ilikokuwa skwadroni ya Chapman, yaani 24th Special Tactics Squadron, iliitwa Pope Air Force Base mpaka 2011, ndipo ikawa Pope Field chini ya Jeshi la Nchi Kavu. Jirani yake Fort Bragg ikaitwa Fort Liberty mwaka 2023, kisha ikarudishiwa jina la Bragg mwaka 2025. Tumia jina la wakati wa tukio. Ukilazimika kutaja jina la sasa, litaje mara moja tu.

Kosa la aina hiyo hiyo hufanyika kwenye mafunzo. Mtu hukuta ukurasa wa kuandikisha vijana unaoorodhesha kozi za leo, halafu anambebesha zote askari aliyefunzwa mwaka 1989. Kozi huhamishwa, huunganishwa na kufutwa. Andika kozi ambayo hati inamtaja yeye kuwa aliimaliza, basi.

Alikuwa nani kazini

Kosa la kwanza ni kumwita kila mwanajeshi wa anga rubani. Chapman hakuwa rubani. Wanaokufa wakitumikia vikosi maalumu vya anga huwa kwenye makundi matatu, na kila kundi lina maswali yake.

Kundi la kwanza ni wa ardhini. Humo mna waongozaji wa ndege vitani, wanaovaa bereti nyekundu: hutangulia na askari wa miguu, hupima na kuweka alama mahali pa kutua, huongoza ndege zinazoingia na kutoka, na huita mashambulizi ya anga. Ni waongozaji wa ndege wenye cheti kamili cha mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na si watu wa redio tu. Mna waokoaji wa parachuti, maarufu kama PJ, wenye bereti ya rangi ya damu ya mzee. Hao ni matabibu wa dharura wanaoruka, kupiga mbizi na kupanda milima. Mna TACP wenye bereti nyeusi, wanaokaa na vikosi vya nchi kavu kuratibu mashambulizi ya ndege. Na mna wapelelezi maalumu, ambao zamani walikuwa wataalamu wa hali ya hewa.

Kundi la pili ni wahudumu wa ndege: marubani, maofisa wa mifumo ya silaha, mainjinia wa ndege, wapiga mizinga wa ndani ya ndege, wasimamizi wa mizigo. Kundi la tatu ni wasaidizi: mafundi, watu wa upelelezi, wa mawasiliano. Fundi aliyefia kwenye kambi ya vikosi maalumu hawi komando kwa sababu ya anuani yake. Usimpandishe, kazi yake ina heshima yake.

Kumtofautisha Chapman kunahitaji jicho. Siku aliyouawa alikuwa ameambatishwa kwenye timu ya makomando wa Jeshi la Majini, Navy SEAL, kwa hiyo utakuta sehemu nyingi ameitwa SEAL. Hakuwa. Kuambatishwa ni kuazimwa kwa kazi fulani, na kikosi chako kinabaki kuwa chako. Mlima ule ule, siku ile ile, alikufa mwanajeshi mwingine wa anga, Senior Airman Jason Cunningham, mwokoaji wa parachuti wa skwadroni ya uokoaji ya 38. Wawili hao hawakuwa kikosi kimoja, hawakufika kwa helikopta moja, wala hawakufa saa moja. Makala inayoandika "makomando wawili wa anga walipigana bega kwa bega" imetunga.

Kuhusu vyeo, usijaribu kulinganisha na vya JWTZ au KDF. Andika jina la cheo kama lilivyo pamoja na daraja lake la mshahara: Technical Sergeant ni E-6, Senior Airman ni E-4. Kisha angalia kama kuna cheo cha baada ya kifo. Chapman alipandishwa kuwa Master Sergeant mwaka 2018, ila tamko la nishani yake, yaani maandishi rasmi yanayoeleza kwa nini ametunukiwa, linamwita Technical Sergeant kwa sababu ndicho alichokuwa nacho siku ya tukio. Andika vyote viwili na useme kipi ni cha lini.

Nyaraka: unaomba nini, wapi, na nani anakubaliwa

Kila mtu huambiwa aombe DD Form 214. Hiyo ni hati ya kuondoka jeshini ukiwa hai. Aliyekufa akiwa kazini hutolewa DD Form 1300, ripoti ya kifo au majeruhi, na ndiyo unayoitaka: ina cheo, kikosi, tarehe, mahali na aina ya kifo. Ukiomba 214 ya mtu aliyeuawa, unaweza kujibiwa kwamba haipo, ukadhani faili zima limepotea.

Faili la utumishi hutunzwa kwenye kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, NPRC, mjini St. Louis, Missouri. Fomu ya maombi ni SF-180, au unaomba kwa mtandao. Kanuni kuu ni ya miaka 62: faili la mtu aliyeondoka jeshini, au kufia humo, miaka 62 au zaidi iliyopita liko wazi kwa yeyote, kwa ada ya dola 25 kama lina kurasa 5 au pungufu na dola 70 kama ni kurasa 6 au zaidi. Kwa hesabu hiyo faili la Chapman litafunguka kwa umma mwaka 2064.

Kabla ya hapo, faili zima hutolewa kwa ndugu wa karibu tu, nao wametajwa: mwenza aliyebaki ambaye hajafunga ndoa tena, baba, mama, mtoto, kaka au dada. Hapa familia zetu hukwama. Baba mdogo aliyemlea marehemu tangu darasa la kwanza hahesabiwi, wala binamu, wala shangazi. Tafuta mmoja aliye kwenye orodha hiyo asaini fomu. Ambatisha uthibitisho wa kifo. Kama jina kwenye cheti cha kuzaliwa cha Kenya au Tanzania halilingani na lile la jeshini (majina matatu yamekuwa mawili, au la babu limegeuka la ukoo), eleza tofauti hiyo kwenye barua yenyewe na uambatishe hati inayounganisha majina yote mawili. Ukisubiri waulize, umepoteza miezi.

Asiye ndugu bado anaweza kupewa mambo ya msingi: jina, cheo, tarehe za utumishi, vituo alivyofanyia kazi, nishani, picha rasmi, na kwa marehemu, mahali alipozaliwa, tarehe na mahali pa kifo, na alipozikwa. Hiyo inatosha kujaza nusu ya jedwali.

Kwa wanaotafuta watu wa zamani: Julai 12, 1973 moto uliteketeza sehemu ya kituo hicho cha St. Louis. Kwa Jeshi la Anga, ziliungua takribani asilimia 75 za faili za walioondoka kati ya Septemba 25, 1947 na Januari 1, 1964, ila zile ambazo jina la ukoo linatangulia Hubbard kwa alfabeti zilisalimika. Mtu aitwaye Adams ana bahati, Wilson hana. Faili likiwa limeungua, geukia historia za vikosi zilizoko kwenye kituo cha utafiti wa historia cha Jeshi la Anga, AFHRA, kambi ya Maxwell, Alabama.

Nyaraka za operesheni na ripoti za uchunguzi huombwa kwa sheria ya uhuru wa habari, FOIA. Wengi Afrika Mashariki hawajui kwamba sheria hiyo haimtaki mwombaji awe raia wa Marekani wala awe na viza. Barua inayofanya kazi huwa fupi:

1. Taja hati moja mahususi, kwa mfano ripoti ya uchunguzi wa ajali ya ndege aina fulani, tarehe fulani, mahali fulani. "Naomba kila kitu kuhusu marehemu" hurudishwa.
2. Sema wewe ni kundi gani: chombo cha habari, taasisi ya elimu, au mwombaji wa kawaida. Wa kawaida hupata saa mbili za utafutaji na kurasa 100 bila malipo.
3. Weka kikomo cha ada unayokubali kulipa, tuseme dola 25, ili wasisimame kukuuliza.
4. Omba nakala ya PDF kwa barua pepe.

Sheria inataja siku 20 za kazi. Usipangie toleo lako siku hizo. Maombi ya mambo ya kijeshi huchukua miezi, mengine miaka. Karatasi zitakapofika zitakuwa na sehemu zilizofutwa kwa weusi, kila moja ikiwa na alama ya kifungu: (b)(1) ni siri ya taifa, (b)(6) ni faragha ya mtu, (b)(3) ni sheria nyingine, mara nyingi ile inayoficha majina ya watu wa vikosi nyeti. Zisome alama hizo. Jina lililofutwa kwa (b)(6) si dalili ya njama. Ni jina la mtu aliye hai.

Na jambo la kuangalia kabla hujatuma chochote: je, marehemu alikuwa mwanajeshi? Katika shambulio la Januari 5, 2020 kwenye kambi ya Manda Bay, Lamu, waliuawa Wamarekani watatu. Mmoja alikuwa askari wa Jeshi la Nchi Kavu, wawili walikuwa wafanyakazi wa kandarasi. Hao wawili huwezi kuwakuta kwenye orodha ya wanajeshi waliouawa.

Nishani

Pata tamko la nishani lenyewe, usitumie muhtasari wake. Lisome ukijua ni karatasi ya aina gani: limeandikwa kuhalalisha nishani, ni fupi, limepitishwa na watu wa usalama, na hutaja ushujaa tu. Haliwezi kuwa uti wa mgongo wa wasifu.

Ngazi za ushujaa kwa mwanajeshi wa anga, kutoka juu: Medal of Honor, Air Force Cross, Silver Star, chini yake ndipo zinapokuja Distinguished Flying Cross na Bronze Star. Hizi mbili za mwisho hutolewa pia kwa utumishi au mafanikio yasiyo ya ushujaa vitani, kwa hiyo tafuta herufi V, alama ya kwamba imetolewa kwa ushujaa. Bronze Star bila V isiandikwe kuwa ya ushujaa. Purple Heart hutolewa kwa aliyejeruhiwa au kuuawa kutokana na kitendo cha adui. Si kipimo cha ushujaa.

Air Force Cross ya Chapman ilipandishwa hadhi kuwa Medal of Honor. Ni tendo moja, nishani moja, iliyobadilika. Ukiorodhesha zote mbili kama vitu viwili, umemhesabia mara mbili. Kwa Medal of Honor hiyo alikuwa mwanajeshi wa anga wa kwanza kuipata tangu matendo ya Vita vya Vietnam.

Siku ya kifo

Hapa ndipo kazi ilipo, na tunashauri uiandike mwisho.

Anza na saa. Ripoti za kijeshi hutumia saa ya Zulu, ambayo ni ya Greenwich. Afghanistan iko mbele kwa saa nne na nusu. Helikopta ya kwanza, MH-47E Chinook yenye jina la mwito Razor 03, ilipigwa kileleni karibu saa nane na dakika 45 usiku kwa saa za huko, Machi 4. Kwa Zulu ilikuwa saa 22:15 ya Machi 3. Washington ilikuwa jioni, saa kumi na moja na robo, Machi 3. Nairobi na Dar es Salaam, saa saba na robo usiku, Machi 4. Tukio moja, tarehe mbili. Ndiyo sababu vyanzo viwili vya kuaminika huweza kutofautiana kwa siku nzima bila hata kimoja kukosea. Chagua saa za mahali pa tukio, sema hivyo mwanzoni, na ubadilishe zote. Kisha mtego wetu wenyewe: 02:45 ikiandikwa "saa mbili na dakika 45 usiku", vita vimerudishwa nyuma saa sita. Kiswahili kina njia safi ya kuondoa utata huu: "usiku wa kuamkia Machi 4".

Pili, weka mambo kwenye ardhi yake. Takur Ghar ina futi 10,469, takribani mita 3,190, juu ya bonde la Shah-i-Kot mkoani Paktia, na kulikuwa na theluji. Bila kimo hicho msomaji haelewi kwa nini helikopta zilielemewa wala kwa nini mtu aliyejeruhiwa alichoka upesi. Taja aina ya chombo sawasawa. Chinook ina rafadha kubwa mbili, ya mbele na ya nyuma, na siyo Black Hawk.

Tatu, tenganisha kinachojulikana kwa njia gani. Mambo yanayokubalika na pande zote ni haya: Razor 03 ilipopigwa, komando wa majini Neil Roberts alianguka kutoka kwenye helikopta, timu yake, Chapman akiwamo, ilirudi kileleni kumtafuta, Chapman alisonga mbele kwenye theluji kuelekea mahandaki ya adui, likatwaliwa la kwanza, akajeruhiwa vibaya, timu ikashuka mlima ikiamini amekufa. Baada ya hapo simulizi zinaachana. Jeshi la Anga, baada ya kuchambua upya picha za ndege isiyo na rubani aina ya Predator, lilihitimisha kwamba alizinduka akaendelea kupigana peke yake kwa karibu saa moja. Tamko la Medal of Honor linasema alirejewa na fahamu na kuendelea kupigana licha ya majeraha makali. Upande wa majini haukuiona picha hiyo kwa namna hiyo, na kiongozi wa timu, Britt Slabinski, naye alitunukiwa Medal of Honor, Mei 2018, kwa vita hivyo hivyo.

Utaandikaje? Kamera ya Predator hupiga joto la mwili kutoka juu angani, bila sauti wala uso. Kwa hiyo "video inamwonyesha Chapman akiua adui" si sentensi sahihi. Sahihi ni "wachambuzi wa Jeshi la Anga walihitimisha, kwa kufuatilia picha za joto, kwamba mtu anayeonekana akipigana ni Chapman". Ndefu kidogo, lakini hakuna wa kuipinga. Na neno "walimtelekeza" liache. Linabeba nia, na nia haionekani kwenye picha ya joto. Idadi ya maadui waliouawa nayo iache isipokuwa imo kwenye hati rasmi uliyoisoma mwenyewe.

Nne, wataje wengine. Kileleni pale walikufa Wamarekani saba: Roberts, Chapman, Cunningham, Philip Svitak wa kikosi cha helikopta cha 160, na makomando watatu wa Ranger, kikosi cha Jeshi la Nchi Kavu, Marc Anderson, Bradley Crose na Matthew Commons. Linganisha herufi za kila jina na tangazo rasmi. Commons utamkuta na vyeo viwili tofauti kwa sababu naye alipandishwa baada ya kifo.

Kama alikufa kwenye ajali ya ndege

Vikosi maalumu vya anga hupoteza watu wengi kwa ajali, na Afrika Mashariki ina mbili za kujifunzia. Machi 14, 1994, ndege ya mizinga AC-130H yenye jina la mwito Jockey 14, ya skwadroni ya 16 ya operesheni maalumu, Hurlburt Field, ilianguka baharini karibu na Malindi. Ilikuwa imetoka Mombasa kusaidia majeshi yaliyokuwa yakiondoka Somalia. Risasi ya mzinga wa milimita 105 ililipukia ndani ya mtutu, moto ukashika injini za upande wa kushoto. Kati ya watu 14, wanane walikufa. Ya pili ni ya Februari 18, 2012: U-28A ilianguka usiku ikirejea Djibouti, wote wanne wakafa.

Kwa ajali kama hizo jeshi hufanya chunguzi mbili, na lazima ujue ipi ni ipi. Uchunguzi wa usalama hufanywa kuzuia ajali nyingine. Mashahidi huahidiwa siri, na ripoti yake haitolewi. Uchunguzi wa ajali, AIB, huandikwa kwa ajili ya umma, na ndio wa kuomba. Ndani yake sehemu ya "ukweli" na sehemu ya "maoni ya mwenyekiti" ni vitu viwili. Kuhusu U-28A, maoni yalikuwa kwamba wahudumu walipotewa na hisia ya mwelekeo wa ndege bila kutambua, jambo linalotokea gizani pasipo upeo wa macho wa kuonekana. Usiandike "marubani walizembea". Kuhisi uko sawa huku ndege imelala upande ni hitilafu ya sikio la ndani, na humpata hata rubani mzoefu.

Kwa Jockey 14, mwandishi aliyeko Kenya ana nafasi ambayo wenzake wa Florida hawana. Magazeti ya Machi 1994, Taifa Leo likiwamo, yatafute kwenye Nyaraka za Taifa na Maktaba ya McMillan, Nairobi. Wavuvi wa Malindi wenye umri wa kukumbuka wapo. Ukiwahoji, uliza kwanza walikuwa wapi na upepo ulikuwa upi, kaskazi au matlai, kabla ya kuuliza waliona nini. Jibu la swali la kwanza hukuonyesha kama la pili linawezekana.

Picha

Picha iliyopigwa na mtumishi wa serikali ya shirikisho ya Marekani akiwa kazini haina hakimiliki huko. Ya familia au ya gazeti la mjini kwao inayo. Picha za kijeshi hubeba namba iitwayo VIRIN. Tarakimu sita za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku, na herufi inayofuata ni jeshi: F ni anga, A ni nchi kavu, N ni majini. Picha yenye 180822-F ni ya Agosti 22, 2018, yaani siku ya sherehe, wala si ya vitani. Tahadhari: picha za zamani mara nyingine zilipewa tarehe ya kupakiwa.

Tena, kuanzia 1991 hadi 2009 vyombo vya habari vilikatazwa kupiga picha majeneza yakiwasili kambi ya Dover, Delaware. Ukipewa picha ya gazeti ya "jeneza la Chapman likishushwa Dover 2002", ikatae mpaka uthibitishe. Tangu 2009 familia ndiyo inayoamua.

Kaburi nalo lithibitishe. Wengi hudhani kila shujaa amelazwa kwenye makaburi ya taifa ya Arlington, Virginia. Chapman amezikwa Windber, Pennsylvania, kwao na mkewe. Kilichoko huko Arlington ni jina lake kwenye mnara wa kumbukumbu wa Jeshi la Anga.

Familia na usiri

Kwa kifo cha karibuni, jeshi halitangazi jina mpaka zipite saa 24 tangu ndugu wajulishwe. Usilitangulie hata kama umelipata kwa jirani yake Dallas au Minneapolis. Mama mzazi anaweza kuwa bado yuko kwenye basi la kutoka Kisumu. Majina ya watoto yaache. Majina ya wenzake wa kikosi walio hai usiyataje isipokuwa wameshajitaja hadharani wenyewe, na mbinu za kazi zisizo kwenye hati ya wazi usiziulize kwa ndugu.

Ukienda kwa familia, nenda na jedwali lako limeshajaa. Muulize mama jinsi alivyokuwa akiamka asubuhi, nani alimfundisha kuogelea, alikuwa akituma nini nyumbani. Tarehe ya kupanda cheo unayo tayari, na yeye huenda haikumbuki. Kumbukumbu ya familia ikigongana na hati, ziweke zote mbili na utaje kila moja imetoka wapi. Kisha, baada ya kuchapisha, weka alama kwenye kalenda kuangalia upya orodha ya nishani kila mwaka. Ya Chapman ilibadilika baada ya miaka 16, na kurasa zenye Air Force Cross pekee bado zinasomwa.